Kimya Kabla ya Wimbo

Mjomba wangu alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wateja wake. Mtu akija kuchukua amplifaya yake barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mjomba hakuanza kwa kumpigia muziki. Aliwasha chombo, akafungua volyumu mpaka mwisho bila kutia kanda, kisha akainama na kuliweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Alikaa hivyo, macho kayafumba, wapita njia wakimwamkia naye haitikii. Akiridhika ndipo alipoinuka na kutafuta kanda. Asiporidhika, mteja alirudi mikono mitupu, hata kama wimbo ungesikika vizuri masikioni mwa watu wote wa mtaa.

"Ukiwasha ukasikia kwamba imewaka," alikuwa akisema, "fundi hajamaliza kazi."

Nilikuwa na miaka 13 mwaka 1987, mama aliponipeleka kwake ili nisizurure baada ya shule. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda na sanduku la redio zilizokufa. Kwa miezi sita sikuunda chochote. Kazi yangu ilikuwa kung'oa: rizista, kepasita, dayodi na transista kutoka kwenye saketi kuukuu, nikizipanga katika makopo ya maziwa ya unga kwa thamani zake. Nyekundu, nyekundu, kahawia: omu 220. Njano, zambarau, chungwa: omu 47,000. Alinisomesha rangi hizo kama watoto wa chuoni wanavyosomeshwa alifu na bei, mpaka nikawa naziona usingizini.

Kung'oa kulikuwa na sababu. Madukani vipuri havikuwapo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 na kufunguliwa 1983, na hata baada ya kufunguliwa, kipuri kipya maana yake ilikuwa kumpa utingo wa basi la Mombasa kikaratasi na fedha, halafu kungoja. Wakati mwingine utingo alirudi na kitu kingine kabisa, kwa kuwa muuzaji alimwambia ni kilekile. Basi redio iliyokufa ilikuwa ghala. Mjomba hakutupa hata skrubu.

Pasi zake za kutia lehemu zilikuwa mbili. Moja ya umeme, wati 40. Ya pili ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, alichokuwa akikitia katika jiko la mkaa umeme ukikatika. Ile ya shaba ndiyo niliyojifunzia. Unaitoa kwenye makaa, unaifuta kwa kitambaa chenye maji, inachachatika, unaigusisha kwenye waya na mguu wa kipuri kwa pamoja, unahesabu moja, mbili, ndipo unaleta risasi. Risasi haiguswi na pasi. Inaguswa na kile chuma unachotaka kukiunga, iyeyuke kwa joto la chuma hicho. Ikikubali, hutambaa yenyewe na kuuzunguka mguu kama mafuta ya nazi yanavyotanda kwenye sufuria yenye moto, ikabaki inang'aa. Isipokubali hujikusanya, ikawa kidonge cha kijivu kilichokaa juu tu, na ndani yake hakuna muungano. Kidonge kile kinaweza kupitisha umeme leo na kesho, halafu siku moja gari likapita barabarani, meza ikatikisika, sauti ikakatika. Mjomba alikipata kila kidonge changu. Alivuta mguu wa kipuri kwa koleo, ukatoka mkavu, akaniwekea kiganjani bila neno.

Amplifaya yangu ya kwanza ilitumia transista mbili ndogo, BD139 na BD140, pacha wanaofanya kazi kinyume: mmoja anasukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti, mwingine nusu ya chini. Umeme wake ulitoka kwenye betri sita za National, volti 9, ambazo tulizianika juani zikichoka ili zitupe nusu saa nyingine. Niliiunga kwenye spika ya redio ya mbao. Nikafuata desturi, nikaweka sikio kwenye kitambaa kabla ya muziki. Hakukuwa na kitu. Nilidhani nimekosea.

"Tia kanda," mjomba akasema.

Ilikuwa kanda ya Black Star. Msomaji asiye wa Tanga pengine hajui uzito wa jambo hili. Mji wetu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, na upande wa taarabu ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa na gitaa la besi ndani ya taarabu. Mwimbaji Bi Shakila alianza kung'ara humo. Nyimbo hizo nilizisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama, lakini siku zote kutoka redioni kwa mbali, au kutoka spika za harusi zilizopasuka. Siku ile, kutoka kibao kidogo nilichokiunga kwa mikono yangu, nilisikia gitaa la besi likitembea chini ya sauti ya mwimbaji, hatua moja moja. Lilikuwamo muda wote. Sikuwahi kulisikia.

Tatizo lilikuja tulipoacha betri na kuingia kwenye umeme wa nyumba. Betri hazivumi. Umeme wa nyumba unavuma, kwa kuwa hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na ukipitishwa kwenye dayodi nne ili uwe wa njia moja, mawimbi yanayobaki huwa 100 kwa sekunde. Sasa angalia: uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na nyimbo nyingi besi yake hutembea kati ya hapo na 100 na ushei. Mvumo unakaa nyumba moja na besi. Kwa hiyo mtu mwenye amplifaya inayovuma hasemi kwamba inavuma, maana masikio humzoea mgeni haraka. Husema muziki wake hauna besi. Kisha ananunua spika kubwa zaidi.

Mjomba aliujua mvumo kwa sikio kama daktari anavyokijua kifua. Ule mnene, laini, aliuita wa waya wa kuingilia: hitilafu iko kabla ya amplifaya, kwenye waya wa kanda au mahali ambapo transfoma imekaribiana mno na saketi ndogo. Ule wenye ukali, unaokwaruza kama nyuki kwenye kopo, ulitoka kwenye njia ya umeme: kepasita za kuchuja zimechoka, au ethi, ule waya wa sifuri, imeungwa ovyo. Alifunga njia ya kuingilia kwa kipande cha waya. Mvumo ukifa, anatafuta nje. Ukibaki, anatafuta ndani. Alikuwa na mita ya mshale, lakini kwa mvumo hakuigusa.

Hilo la ethi ndilo lililonichukua miaka kulielewa, na bado naona mafundi wengi vijana wanajikwaa hapohapo. Kwenye mchoro, ethi ni alama moja tu, kana kwamba mahali pote penye alama hiyo ni pamoja. Mezani ni waya, na waya una ukinzani wake hata ukiwa wa shaba nzito. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 0.01, kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiuoni. Upitishe ampea 1 ya mkondo unaojaza kepasita za kuchuja. Ncha moja na nyingine zitatofautiana kwa volti 0.01. Ikiwa waya huohuo ndio sauti inaupimia sifuri yake, amplifaya itaichukua ile volti 0.01 kama sehemu ya wimbo na kuikuza. Ikiwa inakuza mara 30, spika inapata volti 0.3 za mvumo, usiku na mchana, hata pasipo na muziki. Hakuna kipuri kibovu. Ungeweza kubadilisha kila kitu na mvumo ukabaki palepale.

Dawa ya mjomba ilikuwa skrubu moja. Ethi ya kepasita, ethi ya spika, ethi ya kuingilia, ethi ya kasha, kila moja ilikuja kwa waya wake peke yake mpaka kwenye skrubu hiyo, isipitie kwa mwenzake. Aliiita baraza. "Kila mtu aje barazani kwa njia yake," alisema, "asipite kwenye ua wa jirani." Nilipokuja kusoma vitabu nikakuta wahandisi wanafundisha jambo lilelile kwa hesabu na michoro ya nyota. Mjomba aliishia darasa la saba.

Baada ya ukimya, watu hutaka wati. Hapa nina neno la kusema, kwa kuwa naona vijana wanatapeliwa kila siku na maandishi ya kwenye maboksi. Ukitoka wati 50 kwenda wati 100 hujapata sauti maradufu. Umepata desibeli 3, ambazo msikilizaji wa kawaida atazitambua kwa kutega sikio. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu takriban mara 10. Katika chumba cha kawaida, muziki wa kusikiliza huku mnaongea hutumia wati 1 au chini yake. Wati ya kwanza ndiyo unayoishi nayo. Nyingine zote ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla.

Nami sikuyajua hayo nilipofikisha miaka 18. Nilitaka wati.

Maktabani nilikuta kitabu cha saketi chenye mchoro wa amplifaya ya transista mbili za 2N3055, lile kofia la chuma lenye miguu miwili ambalo kila fundi wa rika langu analijua kwa kulishika gizani. Ni transista ya tangu miaka ya 1960, inayovumilia volti 60 na ampea 15 kwenye makaratasi. Amplifaya za mjomba zilitumia umeme wa upande mmoja, na kabla ya spika aliweka kepasita kubwa ya mikrofaradi 2,200. Kitabu changu kilitumia umeme wa pande mbili, chanya na hasi, bila ile kepasita. Besi inashuka zaidi hivyo, na ni kweli. Mjomba aliuangalia mchoro kwa muda mrefu.

"Hii kepasita unayoitoa," akaniuliza, "unajua inamlinda nani?"

Nilimjibu kwamba inakula besi. Hakunizuia.

Ilikuwa kesha la harusi, Chumbageni, 1992. Transfoma yangu ilikuwa ya volti 22 kila upande, ikanipa volti 31 baada ya dayodi na kepasita. Spika nilizoazima kwa jirani, inchi 12. Mpaka saa tano usiku mambo yalikuwa mazuri kiasi kwamba bwana harusi mwenyewe alikuja kunishika mkono. Kisha nikasikia sauti ikifinyika, kama mtu anayeimba huku kabanwa kifua. Nikagusa bati la kupozea, nikautoa mkono mara moja. Kabla sijaifikia swichi, spika ya kulia ilitoa mlio mmoja mzito, koni ikaruka mbele na kubaki hukohuko, na moshi mweupe ukaanza kutoka katikati. Harufu ya koili inayoungua haifanani na nyingine yoyote: vanishi, karatasi na gundi kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wakicheza walisimama. Kimya kilichofuata nakikumbuka zaidi ya muziki wote wa usiku ule.

Kosa langu lilikuwa hili. Transista ikipata joto hupitisha mkondo zaidi kwa volti ileile; kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, hitaji lake la volti ya kuamka hushuka kwa milivolti 2 hivi. Mkondo ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi, mkondo unazidi. Ndiyo maana mchoro huweka dayodi zenye kazi ya kuipa transista ile volti yake ndogo ya kusubiri, na dayodi hizo hugundishwa kwenye bati lilelile la kupozea, ili zipate joto pamoja na transista na kuipunguzia volti hiyo. Mimi nilizipanga ubaoni, mbali na bati, zikiwa zimenyooka mstari mmoja, kwa sababu zilipendeza. Transista moja iliungua na kuwa kama waya mtupu. Volti 31 zikaenda moja kwa moja kwenye koili yenye omu 6: ampea 5, zaidi ya wati 150 za joto ndani ya uzi mwembamba kama unywele. Kepasita ya mjomba ingeuzuia umeme ule ulionyooka usifike. Ilikuwa ikimlinda jirani mwenye spika.

Mjomba hakunikaripia. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwenye spika, tukakaa, tukanywa chai, mjomba akamwambia, "Kijana wetu ameharibu mali yako, na ataitengeneza kwa mkono wake." Kisha akaniachia mimi niseme yaliyobaki. Kuisuka upya ile koili kulinichukua majuma mawili. Unahesabu mizunguko ya zamani huku unaikata, unapima unene wa uzi, unaviringisha mpya juu ya karatasi ngumu, mzunguko ubavuni mwa mzunguko bila kupandana, na pakipandana mara moja tu koili haitaingia katika mwanya wa sumaku. Nilirudia mara nne. Spika ile ilipiga tena, na jirani akaendelea kuniazima, jambo ambalo mpaka leo linanigusa.

Miaka mingi baadaye, nikiishi Dar es Salaam na kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni kila asubuhi, nilisoma habari za Harold Black. Huyu alikuwa mhandisi kijana wa maabara ya Bell, Marekani. Tarehe 2 Agosti 1927 alikuwa kwenye pantoni akivuka mto Hudson kwenda kazini, akiwa amehangaika kwa miaka na amplifaya za simu za masafa marefu zilizochafua sauti. Katikati ya maji likamjia wazo: chukua sehemu ya sauti inayotoka, igeuze, irudishe mwanzoni ilinganishwe na ile iliyoingia. Kila tofauti itakayoonekana ni kosa la amplifaya yenyewe, nayo itajisahihisha. Gharama yake ni kwamba unapoteza sehemu kubwa ya ukuzaji. Aliuchora mchoro kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi. Hataza aliipata 1937. Leo karibu kila amplifaya duniani, hata ile ndogo ndani ya simu yako, inaishi kwa wazo hilo. Nilifurahi kwamba lilizaliwa kwenye pantoni, katikati ya watu waendao kazini.

Siku hizi naunda usiku, watoto wakishalala. Vipuri vimejaa Kariakoo, ila kupatikana si sawa na kuaminika. Wakati fulani nilinunua 2N3055 sita. Zilikufa mbili siku ya kwanza, na mzigo haukuwa hata robo ya uwezo wake. Nikachukua msumeno wa chuma, nikakata kofia la moja iliyokufa na la moja ya zamani kutoka kopo la mjomba. Ndani ya ile ya zamani kipande cha silikoni kilikuwa kipana, kama kucha ya kidole kidogo cha mtoto. Ndani ya mpya kilikuwa punje tu, kidogo kuliko mchele, kimegandishwa katikati ya chuma kikubwa. Nje zilikuwa na maandishi yaleyale. Tangu siku hiyo nikinunua sita nakata moja.

Na kabla ya kuichomeka amplifaya mpya ukutani, naipitisha kwanza kwenye balbu ya wati 100, ile ya zamani ya uzi, iliyoungwa kwenye waya wa umeme kwa kufuatana. Ikiwa kuna kosa ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo, transista zinapona. Ikiwa hakuna, inang'aa mara moja kepasita zinapojaa, halafu inafifia mpaka unaona wekundu hafifu tu. Sijachoka kuutazama wekundu ule ukififia.

Vijana wananiuliza kama hivi vibao vipya kutoka China vimeua kazi yetu. Sivichukii. Kibao chenye saketi ya TPA3116, kidogo kuliko kiganja, kinatoa wati ambazo sisi tulizitafuta kwa makofia manne ya chuma na bati la kilo mbili, na sehemu kubwa ya umeme kinaugeuza sauti badala ya joto. Kwa nyumba ya kijijini inayotumia betri ya sola hilo ni jambo kubwa sana. Lakini kiunge na chaja mbovu, au pitisha ethi yake kwenye ua wa jirani, kitanguruma kama vingine vyote.

Mjomba alifariki 2009. Miaka mitatu baadaye mkazamjomba alinipigia simu, akasema ile amplifaya ya sebuleni, aliyoiunda mjomba kabla sijajua kushika pasi, imeanza kuvuma na hasikii maneno ya taarabu vizuri. Nilikwenda Tanga. Nikafungua kasha, nikaikuta baraza yake: skrubu moja ya shaba, nyaya saba, kila moja imekuja kwa njia yake, na lehemu bado inang'aa chini ya vumbi. Kepasita mbili za kuchuja zilikuwa zimevimba vichwani, dawa ya ndani imekauka. Kazi ya saa moja. Kingine chochote sikukigusa.

Niliwasha, nikafungua volyumu mpaka mwisho, nikainama na kuweka sikio kwenye kitambaa. Mkazamjomba alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu, kanda mkononi. Akangoja, akangoja.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwani imewaka?"